Disko kwa Mwendo wa Jembe

Juzi mmoja wenu alinikalisha kwenye kiti, akanitia vile vidude vya masikioni na kuniambia, "Mzee, sikiza kitu mpya." Nikasikiliza. Ilikuwa disko, ile ya ngoma za mashine, lakini imepunguzwa mwendo mpaka mwimbaji anasikika kama mtu anayeimba akiwa kitandani. Kijana akanieleza kwamba mtindo huo umeanzishwa na vijana wa ng'ambo, na kwamba ukipunguza mwendo wa wimbo wa haraka unasikia vitu ambavyo hukuvisikia mwanzo. Nilicheka mpaka akanivua vile vidude akidhani nimepaliwa.

Ng'ambo! Jambo hilo nililifanya mimi, kijijini Kanyangi, mchana wa jua kali, kwa bisibisi ndogo ya cherehani, kwa ajili ya akina mama walioshika majembe. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana sikungoja kusifiwa na mtu, najisifu mwenyewe. Wekeni simu chini niwaambie.

Kazi yangu ilikuwa ya spika. Kibanda kilikuwa mjini Sultan Hamud, upande wa reli, na humo niliuza kaseti, nikanakili nyimbo kutoka santuri, nikatengeneza redio zilizopoteza sauti. Siku za harusi na harambee nilibeba vipaza sauti hadi mahali ambapo umeme ulikuwa hadithi tu. Amplifaya yangu ilikula betri ya gari. Kaseti rekoda ilikula mawe makubwa ya redio, zile betri kavu, na mawe yakichoka niliyaanika juani juu ya bati yakapata nguvu za kumalizia wimbo mmoja au miwili. Nyinyi mkiishiwa na chaji mnalia. Sisi tulitafuta jua.

Kuwa kando ya reli kulikuwa na adhabu yake. Treni ya mizigo ikipita, ardhi ilitetemeka, sindano ikaruka juu ya santuri, na mteja akaenda nyumbani na wimbo wenye kigugumizi. Nilizijua saa za treni kuliko mkuu wa stesheni. Lakini kuna bwana mmoja wa Emali aliyerudi kunishukuru. Alidhani ule mruko ndio utamu wa wimbo, akaomba nimtilie mwingine unaoruka vilevile. Nilingoja treni nikamtilia. Mteja ni mfalme.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Salim wa Kitui mjini. Baba yake alitoka pwani na bidhaa zake akaoa hapo akabaki, na Mzee Salim mwenyewe alizungumza Kikamba cha Kitui na Kiswahili cha Mombasa bila kuchanganya hata neno. Duka lake lilikuwa nyuma ya msikiti, jembamba, limejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Nilianza kwake miaka ya sitini na nilidhani nitafundishwa nyaya. Wiki za kwanza alinifundisha kusikiliza tu. Alikuwa akiweka santuri, kisha ananiuliza, "Umesikia nini?" Nikijibu "gitaa", alikasirika. "Gitaa ngapi? Lipi lauliza, lipi lajibu? Wewe wasikia kelele, mwanangu. Mimi nasikia watu."

Wapiga gitaa walikuja kwake kutoka mbali, hata Kikima kule juu kwenye baridi, kujifunza nyimbo mpya. Gitaa la siku zile lilikuwa la kasi, vidole vinakimbia kama panya darini, na mtu hangeweza kulishika kwa kusikiliza redioni mara moja. Mzee Salim alikuwa na dawa. Kwenye mashine ya santuri kulikuwa na kijiti cha kuchagua mwendo: arobaini na tano kwa zile santuri ndogo, thelathini na tatu kwa zile kubwa. Aliweka santuri ndogo, kisha akakisukuma kijiti kwenye mwendo wa zile kubwa. Wimbo uliacha kukimbia ukaanza kutembea, na kila kidole cha mpigaji kikajulikana kilipokanyaga.

"Mtu akikimbia humjui," aliniambia. "Mngoje akae, ndipo utamwona uso."

Kuna jambo moja alinionya na nikalisahau, maana ujana una masikio mengi yasiyo na kazi. Santuri ikienda polepole, sauti nayo inashuka, inakuwa nzito. Kwa hivyo mpiga gitaa lazima alegeze nyuzi zake ili afuate huko chini, na akishajifunza, akaze nyuzi na kurudi kwenye mwendo wa kweli. Siku moja Mzee Salim hayupo, nilimfundisha bwana mmoja wa Kikima wimbo wa kuingiza maharusi. Nikampigia polepole, akaushika wote, tukaagana kwa furaha. Sikumwambia habari ya kurudi kwenye mwendo. Jumamosi aliupiga harusini vilevile alivyojifunza, na bibi harusi akatoka langoni hadi hemani kama mtu anayesindikiza jeneza. Wali ulipoa. Pasta alitazama saa. Lakini mama wa bibi harusi, nasikia, alilia kwa furaha na kusema hajawahi kuona binti akitolewa kwa heshima namna ile.

Mzee Salim aliposikia hakunigombeza. Alisema, "Umempa ng'ombe, hukumpa kamba." Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini yule mama hakukosea."

Neno hilo la pili ndilo lililonilisha maisha yangu yote, ingawa ilinichukua miaka mingi kujua kwamba nimelibeba.

Disko ya mashine ilipofika, miaka ya themanini, Mzee Salim alikuwa ameshazikwa na mimi nilikuwa na kibanda changu. Kwenye muziki ule mpiga ngoma alikuwa kisanduku. Kinanda kilikuwa kisanduku kingine. Mimi, nisiwafiche, niliuona kama mahindi yanayopasukia sufuriani. Lakini vijana waliupenda, na biashara ni biashara, nikanakili kaseti hadi vichwa vya rekoda vikaisha. Sikuusikiliza hata siku moja. Niliuuza tu.

Sasa njooni Kanyangi. Huko ndiko nilikozaliwa. Nilikuwa nimekwenda na vyombo vyangu kwa harusi ya binamu, na asubuhi yake, nikiwa nafunga nyaya, alinijia Mama Musyoka, mwenyekiti wa mwethya. Kwa nyinyi mliokulia mjini, mwethya ni kikundi cha kusaidiana kazi: leo wanalima kwako, kesho kwangu. Kiangazi kile akina mama wa mwethya ule walikuwa wanachimba silanga, yaani bwawa la kukinga maji ya mvua, ili wasiendelee kushinda mtoni wakifukua mchanga kutafuta maji.

"Kyalo, wewe si mtoto wa Kalunde?" alianza, ingawa alinijua tangu nikiwa na kamasi. "Hiyo spika yako inaimba mchana ama ni ya harusi peke yake?"

"Inaimba hata alfajiri, mwaitu," nikamjibu. Hivyo ndivyo tunavyomwita mama yeyote wa rika la mama zetu.

"Basi tuko na shida. Silanga haijafika nusu na mvua iko karibu. Watu wanakuja wamechelewa, wanaenda mapema, wengine wanagombana. Syombua amenyamaza."

Hakuhitaji kunieleza zaidi, lakini nyinyi inabidi niwaeleze. Mwethya hauendi bila ngui. Ngui ni mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Yeye anatupa mstari, kikundi kinaitikia, na jembe linashuka kwenye kiitikio. Ngui ndiye saa, ndiye mnyapara, ndiye gazeti. Anakutaja wewe uliyechelewa, anamtaja mume wako aliyekunywa, watu wanacheka na huku udongo unapanda. Syombua ndiye alikuwa ngui wa Kanyangi tangu mimi mtoto. Akiimba upande huu wa bonde, ng'ombe wa upande wa pili waliinua vichwa. Sauti yake ilikuwa juu, nyembamba na kali, na haikuchoka.

Kisha akaota uvimbe kooni. Wakampeleka hospitali kubwa, wakamtoa uvimbe, wakaokoa maisha yake, na kwa hilo Kanyangi yote ilishukuru. Lakini sauti iliyorudi haikuwa ile iliyokwenda. Ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, chini kabisa, kama lango linaloburutwa. Jumapili moja alijaribu kuimba kanisani, watoto wa kiti cha mbele wakageuka kutafuta ni mzee gani. Tangu siku hiyo alizungumza kwa kunong'ona sikioni, au kwa mkono. Alikuja silanga kila siku ya kazi lakini alikaa kando juu ya rundo la mawe akisuka kyondo, yaani kikapu. Na alikuwa amemnong'oneza Mama Musyoka kwamba mvua ikianza atahamia Machakos kwa binti yake.

"Aliniambia anataka kukaa mahali hakuna mtu anajua aliwahi kuimba," Mama Musyoka alisema, na macho yakamjaa machozi. "Kyalo, huyo akienda, hata silanga ikijaa maji ni bure."

Wasichana wawili walikuwa wamejaribu kushika nafasi yake. Majembe yalishuka ovyo kama miguu ya mbuzi wanaovuka barabara. Ndipo Mama Musyoka akafikiria spika yangu: pengine muziki ungeshika kazi mpaka silanga iishe.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kazi imechelewa, basi muziki wa haraka. Nilipakia spika juu ya punda, betri juu ya punda wa pili, tukashuka hadi silanga, na nikatia kaseti yangu ya kasi kuliko zote. Disko ya ng'ambo, mwanamke anaimba juu kama filimbi, kisanduku kinapiga pa-pa-pa-pa. Niliwasha kwa madaha ya mtu wa mjini.

Jamani. Akina mama walijitahidi. Waliinua majembe na kushusha, wakainua na kushusha, wakikimbizana na kile kisanduku, na kisanduku hakihemi wala hakina mgongo. Kabla wimbo haujafika katikati, mstari wa wachimbaji ulikatika vipande. Jembe la mmoja liligonga mpini wa mwenzake. Mmoja aliketi chini akacheka hadi machozi. Mzee Nzioka, mzee wa kanisa aliyekuwa akipita na ng'ombe zake, alisimama akatangaza kwamba hiyo ni ngoma ya shetani na punda wangu waombewe.

"Zima! Zima hiyo kitu!" Mama Musyoka alipiga kelele. "Kyalo, hii wimbo inakimbizwa na nani?"

Wote walicheka, isipokuwa mmoja. Syombua alikuwa amekaa juu ya mawe yake, ameinamia kyondo, mkono umesimama katikati ya msuko. Hakucheka wala hakunitazama. Niliona aibu kubwa siku ile, na ninyi mnaonijua mnafahamu kwamba mimi na aibu hatukai nyumba moja. Nilimwambia Mama Musyoka kwamba siku ya mwethya wiki ijayo nitarudi, na asimtafute mtu mwingine.

Nilipofika Sultan Hamud niliazima jembe kwa Mutiso wa bucha, jirani yangu. Nikatoa mashine ya santuri mlangoni, nikaweka ile ile disko, nikaanza kuchimba mbele ya kibanda. Mutiso alitoka na kisu mkononi.

"Kyalo, unazika nani?"

"Siziki mtu. Napima wimbo."

"Na jembe?"

"Na jembe."

Akaingia ndani kumwita mke wake aje aone. Wacha waone! Mimi nilikuwa kazini. Jembe, vijana wangu, lina safari yake: linapanda, linatulia kidogo juu, linashuka, linavuta udongo. Safari hiyo ina urefu wake na hakuna kisanduku kitakachoibadilisha, maana imepimwa na mgongo wa mtu. Kwa mwendo wa disko ile, ukishusha jembe kila baada ya mapigo mawili, unakufa. Ukingoja manne, jembe linaning'inia hewani na mkono unachoka kwa kungoja. Hapakuwa na mahali pa kusimama.

Nikakumbuka kijiti cha Mzee Salim. Nikakisukuma. Wimbo ukashuka, ukaanza kutembea. Nikainua jembe: mapigo mawili, chini. Bado wimbo unaniharakisha kidogo, lakini sasa tulikuwa tunajuana. Nikanakili kwenye kaseti hivyo hivyo, polepole. Kisha nikafungua rekoda. Nyuma ya mota yake kuna tundu dogo, na ndani ya tundu kuna skrubu ambayo wengi wa mafundi hawakuigusa kwa hofu. Hiyo ndiyo inayoamua kanda iende kwa kasi gani. Ukiizungusha upande huu wimbo unakimbia, upande ule unalegea, na inataka mkono wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kijiti ni panga la kufyekea, skrubu ni wembe wa kumalizia. Nikazungusha kidogo, nikachimba. Nikazungusha tena, nikachimba. Mbele ya kibanda palikuwa na shimo la kutosha kupanda mgomba wakati jembe na wimbo vilipokutana. Linapanda, linatulia, linashuka, du. Linavuta. Linapanda.

Nilipoacha kuchimba ndipo nikasikia. Nilikuwa nimeuza wimbo ule kwa watu wasio na idadi na sikuwa nimeusikia. Kwa kasi yake ulikuwa kelele moja. Polepole ulikuwa na vyumba. Besi ilikuwa inatembea chumba cha chini peke yake kama mlinzi. Kinanda kilikuwa kinauliza na hakuna aliyejibu. Kati ya pigo na pigo palikuwa na mahali patupu, pana, ambapo mtu angeweza kuingia na kiti chake. Na yule mwanamke wa filimbi hakuwa tena filimbi. Sauti yake ilikuwa imeshuka chini kabisa, nzito, yenye mikwaruzo.

Nilikaa kwenye ukingo wa shimo langu nikalia. Siwezi kuwaambia kwa nini zaidi ya hivyo. Nilimkumbuka Mzee Salim, nikamkumbuka yule mama wa Kikima ambaye hakukosea.

Wiki iliyofuata punda walishuka tena silanga. Akina mama waliponiona walianza kucheka mapema ili wasichelewe. Nikaunganisha, nikabonyeza.

Sauti ya kwanza kutoka ilikuwa ya mwimbaji, na mstari mzima ulipiga mayowe. "Uuui! Huyu ni mwanaume!" mmoja akasema. "Hapana, ni yule mama wa wiki jana," mwingine akajibu, "amekula nini?" Lakini mikono haikungoja mjadala uishe. Majembe yalipanda. Yakatulia. Yakashuka pamoja, du, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kile kianze, na vumbi likainuka kwenye mstari mmoja ulionyooka. Niliona nyuso zikibadilika. Mtu anajua mgongo wake unapopewa haki.

Mzee Nzioka alipita tena na ng'ombe zake, akasimama na fimbo, akasikiliza muda mrefu. "Hii sasa si ya shetani," akasema mwisho. "Shetani hana subira hivi."

Nilikuwa bado nacheka nilipoona Syombua ameinuka. Aliweka kyondo chini, akaja polepole hadi mbele ya spika, akasimama karibu sana, kiganja kwenye mbao kama mtu anayepapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Wimbo uliisha. Mstari ulisimama kupumzika. Na Syombua, ambaye hakuwa ametoa sauti mbele za watu tangu ile Jumapili, alinigeukia akasema waziwazi, kwa ile sauti ya lango, kila mtu akisikia:

"Huyu mama alipasuliwa koo pia?"

Mama Musyoka alishika mdomo wake.

Ningeweza kumdanganya kwa wema. Sikumdanganya. "Hapana, mwaitu," nikasema. "Huyu sauti yake iko juu kama yako ya zamani. Mimi nimempunguza mwendo tu. Wimbo ukienda pole, sauti inashuka yenyewe."

Akauliza, "Na huko chini hakuharibika?"

"Wewe mwenyewe umesikia."

"Nimesikia," akasema. "Kumbe huko chini kuko na nafasi." Kisha akanitazama kwa yale macho ya ngui, yale yanayotafuta mtu wa kutaja, nami nikajua nimepatikana. "Rudisha mwanzo."

Nikarudisha kanda. Akaingia. Hakupanda juu kutafuta sauti yake ya zamani, alikaa pale pale chini, kando ya yule mwanamke wa ng'ambo, na mahali patupu kati ya pigo na pigo akatupa mstari wa Kikamba. Nikiugeuza kwa Kiswahili ulikuwa kama hivi: Kyalo alituletea mbuzi mwenye wazimu, leo amemfunga kamba. Akina mama walilipuka kwa kicheko, na kiitikio kikashuka na majembe. Wa pili ulimhusu Mzee Nzioka na ng'ombe zake waliookoka. Wa tatu sitawaambia, ulinihusu mimi na shimo la Sultan Hamud. Sijui habari hizo zilifikaje Kanyangi.

Kuanzia siku ile niliitwa kila mahali. Vikundi vya Makueni vya kuchimba matuta ya shamba, vikundi vya Kitui vya kufyatua matofali, kila kimoja na mwendo wake. Tofali lina safari fupi kuliko jembe. Mtwangio una safari nyingine. Nilikuwa nikienda kwanza bila spika, nikasimama kando nikatazama migongo, kisha nikarudi kwenye skrubu. Mnanionyesha simu inayopunguza wimbo kwa kidole, na ni nzuri, siwatanii. Lakini inapunguza kwa kipimo cha nani? Ukipunguza bila kumtazama mtu atakayeusikia, umelegeza kamba tu, ng'ombe hana habari. Mtazame mtu kwanza. Hiyo ndiyo kazi yote, mengine ni bisibisi.

Lakini siku ninayojivunia kuliko zote ni siku ambayo mashine yangu ilishindwa.

Ilikuwa siku ya mwisho ya silanga. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa milima na kila mtu alikuwa na haraka ya kumaliza ukingo. Syombua alikuwa katikati ya mstari, jembe mkononi, anaimba na kaseti yangu kama kawaida. Jua lilipoanza kuinama, nilisikia kitu ambacho fundi yeyote angekisikia: kanda imeanza kulegea. Mawe ya rekoda yalikuwa yanakufa. Wimbo, ambao tayari ulikuwa polepole, ukaanza kwenda polepole zaidi, na yule mwanamke wa ng'ambo akaanza kuzama.

Mkono wangu ulikwenda mfukoni. Kubadilisha mawe ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini nilimtazama Syombua kwanza, kama nilivyofundishwa. Alikuwa amesikia. Hakushtuka. Alimfuata yule mwanamke akishuka naye, mstari baada ya mstari, chini zaidi ya pale nilipowahi kumsikia, na majembe yakamfuata yeye. Mapigo yakawa mapana. Besi ikaguna, ikavutika, ikakatika. Spika ikanyamaza. Na sauti ya Syombua ikabaki hewani peke yake, nzito, imejaa bonde lote, bila kitu cha kuiegemeza. Upande wa pili ng'ombe waliinua vichwa.

Akatupa mstari. Wakaitikia. Majembe yakashuka, du.

Mama Musyoka alinigeukia, akaitazama spika, kisha akautazama mfuko wa koti langu, maana alijua sisafiri bila mawe ya akiba. Nilimtikisia kichwa, hapana. Yalikuwa humo, mapya, bado kwenye karatasi yake, na nilikuwa nimeyafumbata kwa nguvu juu ya kitambaa yasije yakagongana Syombua akayasikia.